Tangazo Halipiki Chakula

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Ni siku ya mshahara. Unatoka kazini, tumbo linalia. Mbele yako kuna mahali pawili pa kununua chakula. Hapa kuna mama anayekaanga samaki na viazi chini ya mwavuli. Jina lake halikuandikwa popote. Pale kuna nyumba yenye taa na vioo, na picha kubwa ya kuku wa kukaanga aliye mwekundu na mafuta yake. Kijana anayeuza amevaa kofia ya rangi ileile ya picha. Miguu yako inakwenda wapi? Na kwa nini?

Wengi watajibu: «Ninakwenda kwenye chakula kizuri.» Lakini bado hujakionja. Jiko hujaliona. Hujui kuku yule alichinjwa lini, wala alilala wapi usiku umeme ulipokatika. Basi ni nani aliyekuambia kwamba ni kizuri? Ni picha. Picha ile ni tangazo, au kama tunavyosema mjini kwetu, piblisite.

Katika somo hili tutauliza maulizo mawili. La kwanza: tangazo linaweza kubadilisha mawazo ya watu juu ya ubora wa chakula cha haraka, kile kinachopikwa upesi na kuliwa upesi? La pili: linaweza kubadilisha chakula chenyewe? Ukishika tofauti ya maulizo haya mawili, utakuwa umejilinda wewe na watoto wako.

ZAMANI NA SASA

Wazee wetu waliofanya kazi Union Minière, na baadaye Gécamines, walipokea posho. Unga wa mahindi ulikuja, bibi akapika bukari, watu wakala. Hakuna aliyepaka picha ukutani ili kuwabembeleza wale.

Leo, hata pale kampuni inapotoa mfuko wa unga, chakula kingi tunakinunua kwa mshahara wetu. Mwenye kununua anachagua, na mwenye kuchagua anatafutwa na wauzaji wote. Ndiyo maana matangazo yanakufuata redioni, kwenye televisheni, njiani, hata ndani ya simu mfukoni. Kutangaza si kosa. Hata mama wa soko anapoita «Kuja baba, iko moto!» anatangaza biashara yake. Lakini ni lazima tujue tangazo linafanya kazi gani ndani ya kichwa chetu.

NDIYO, LINABADILISHA MAWAZO

Tuchukue habari ya kweli kutoka Marekani, nchi ambako chakula cha haraka kilianza kuwa biashara kubwa.

Mwaka wa 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa kitabu, The Jungle, juu ya viwanda vya nyama vya Chicago. Watu walisoma habari za uchafu wa viwanda vile, wakachukizwa. Nyama ya kusaga ndiyo iliyoshukiwa zaidi, maana nyama ikisha kusagwa hujui kilichoingia ndani.

Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1921, mabwana wawili wa mji wa Wichita, Walter Anderson na Billy Ingram, walianza kuuza hamburger, yaani mkate mdogo wenye nyama ya kusaga ndani, kwa senti 5. Watawezaje kuuza kitu ambacho watu wanakiogopa? Waliyaita maduka yao White Castle, maana yake Ngome Nyeupe. Kuta zilikuwa nyeupe, wapishi walivaa nyeupe, na jiko liliwekwa mbele ya macho ya mteja.

Walifanya na jambo jingine. Mwaka wa 1930 walilipia jaribio kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Kijana mmoja mwanafunzi alikula hamburger na kunywa maji tu kwa majuma 13. Alimaliza akiwa na afya, na kampuni ikaitangaza habari hiyo. Woga wa watu ukapungua, biashara ikakua, na hamburger ikawa chakula cha kawaida cha taifa zima.

Sasa tazama vizuri, msomaji. Kulikuwa na mambo mawili ndani ya tangazo lile. Jiko lililo wazi ni kitu ambacho mteja anaweza kukikagua mwenyewe. Lakini jaribio lile lilikuwa la kijana mmoja, kwa majuma 13, na aliyelipa ni muuzaji. Je, munganga akikuambia dawa fulani ni salama kwa sababu mtu mmoja aliinywa asife, utaridhika? Hata hivyo, yote mawili yalisaidia kubadilisha mawazo. Kichwa cha mtu hakitenganishi kwa urahisi ushahidi mzuri na ushahidi mbovu.

Kwa watoto nguvu hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Thomas Robinson, walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watoto 63, wenye miaka 3 mpaka 5, chakula kilekile mara mbili: mara moja ndani ya karatasi isiyo na jina, na mara moja ndani ya karatasi yenye alama ya McDonald's. Chakula kilikuwa kimoja, na mpishi mmoja. Lakini watoto wengi walisema kile chenye alama ndicho kitamu. Walisema hivyo hata juu ya karoti na maziwa! Karatasi haikutia chumvi wala sukari, bali ilibadilisha ulimi kwa kupitia macho.

Basi ulizo la kwanza limejibiwa. Ndiyo, tangazo linaweza kubadilisha mawazo yetu juu ya ubora, hata ladha tunayosikia mdomoni.

LAKINI MIKROBE HAISOMI TANGAZO

Tuje kwenye ulizo la pili. Mwanzoni mwa mwaka wa 1993, maduka ya Jack in the Box, huko magharibi ya Marekani, yalikuwa yanauza hamburger moja kubwa kwa bei ya chini, na tangazo lake lilisikika kila mahali. Wateja walijaa. Wapishi walikimbizana na kazi, na nyama ilitoka motoni kabla haijaiva katikati. Tena, sheria ya jimbo la Washington ilitaka nyama ya kusaga ifikie joto la digri 68 hivi, lakini maduka yale yaliendelea kupika kwa joto la digri 60.

Ndani ya nyama ile kulikuwa na mikrobe hatari. Watu zaidi ya 700 waliugua, wengi wao watoto. Watoto 4 walikufa.

Ewe mfanyakazi wa mgodi, somo hili unalijua hata bila hamburger. Siku kapita anapotaka tani nyingi kupita kawaida, na watu wanaanza kuruka ukaguzi, siku hiyo ndiyo ajali inatafuta njia. Tangazo lile liliongeza haraka, na haraka ikapunguza moto. Kwa hiyo tangazo lilifaulu kuleta watu, na kufaulu kwake kukawa sehemu ya ajali.

Habari ya pili ni ya karibu nasi zaidi. Kila siku malori yanatoka Afrika ya Kusini, yanapita Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, na chakula kingi cha viwandani kinakuja kwa njia hiyo. Basi kuanzia mwaka wa 2017, hospitali za Afrika ya Kusini ziliona ugonjwa wa listeria ukiongezeka. Ni ugonjwa unaoshambulia hasa wazee, wagonjwa, mama wenye mimba na watoto wachanga. Waganga walitafuta chanzo kwa miezi mingi. Mnamo Januari 2018 watoto wa shule ya wadogo huko Soweto waliugua tumbo, na wakaguzi wakakuta polony ndani ya frigo ya shule. Polony ni ile sosiso kubwa ambayo watu wanaikata vipande na kuila baridi ndani ya mkate, chakula cha haraka cha familia zisizo na feza nyingi.

Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo kilikuwa kiwanda cha Enterprise cha mji wa Polokwane, mali ya kampuni kubwa ya Tiger Brands. Lilikuwa jina lenye miaka mingi, na watu waliliamini. Kwa jumla wagonjwa 1,060 waliandikwa, na zaidi ya 200 walikufa. Karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga, walioambukizwa kwa mama zao. Nchi za jirani, Zambia ikiwa moja, zilifunga mlango kwa nyama zile.

Mama aliyenunua polony ile hakuwa mzembe. Alichagua jina analolijua, alilipa, akaiweka kwenye frigo. Lakini listeria inaota hata ndani ya baridi ya frigo, haina harufu, wala haibadilishi rangi ya nyama. Moto mkali unaiua. Jina zuri haliigusi.

Jibu la ulizo la pili ni hili: tangazo halibadilishi chakula. Linabadilisha mawazo tu.

JINA LILILOVUNJIKA LINATENGENEZWAJE?

Pengine utauliza: kampuni iliyopoteza sifa inaweza kuirudisha kwa matangazo? Tuangalie tena Jack in the Box. Baada ya vifo vile ilimwajiri David Theno, mtaalamu wa usalama wa chakula. Alipanga utaratibu ambamo kila hatua yenye hatari, kuanzia machinjio mpaka jiko, inapimwa na kuandikwa. Baadaye, mwaka wa 1995, matangazo mapya ya kuchekesha yalianza, na wateja wakarudi. Jiko lilitengenezwa kwanza, tangazo likafuata. Kama wangeanza na tangazo na kuliacha jiko vilevile, wangewaita watu waje kuugua mara ya pili.

Tena sifa inaweza kugeuka kwa siku moja. Mnamo Januari 2022, katika nchi ya Kenya (si komini yetu ya Kenya!), maduka ya KFC yalitangaza kwamba yamekosa viazi vya kukaanga. Sababu? Viazi vyao vilikuwa vinatoka ng'ambo, na meli zilichelewa. Wananchi wakashangaa: nchi yetu inalima viazi kila mwaka, ninyi mnavitafuta baharini? Kampuni ilijibu kwamba wauzaji wake wote wanapaswa kwanza kupita ukaguzi wake wa ubora. Watu walikasirika, wengine wakasema tususie maduka yale, na kampuni ikasema itatafuta viazi vya wakulima wa nchini. Picha za miaka yote hazikuwa zimewaambia wateja kiazi kinatoka wapi. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

KWETU LUBUMBASHI: TUKAGUE KWA MACHO YETU

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, na chakula cha mama asiye na tangazo kinaweza kuwa kizuri au kibaya. Usimhukumu mtu kwa kukosa taa, wala usimsifu kwa kuwa nazo. Kagua mambo haya matano, popote unapokula, iwe Katuba, Ruashi, Kamalondo au katikati ya mji.

1. Moto. Michopo, kuku na samaki viive mpaka ndani. Nyama ya kuku isiwe na damu karibu na mfupa. Chakula kilichopikwa kisikae saa zaidi ya 2 bila moto wala baridi. Bukari inayotoka moshi ni salama kuliko kuku mzuri aliyelala ndani ya kioo tangu asubuhi.

2. Maji na mikono. Mji wetu uliteswa na kipindupindu mwaka wa 2008, na tena mwaka wa 2013. Ugonjwa huo unapita kwa maji machafu na mikono isiyooshwa. Tazama: muuzaji ana maji safi na sabuni? Anashika feza na chakula kwa mkono uleule? Masahani yanaoshwa ndani ya beseni moja tangu asubuhi?

3. Mafuta. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa moshi na harufu kali, yametumika kupita kiasi. Rangi nzuri ya kuku kwenye picha haikuonyeshi rangi ya mafuta jikoni. Omba kuyaona.

4. Kibichi na kilichoiva. Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate mkate wala saladi kabla ya kuoshwa.

5. Vumbi. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa shaba kuliko wengine. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto zaidi. Vumbi na chakula ni njia mbili za kuingia kwake. Kwa hiyo chakula kinachouzwa kando ya barabara ya malori kifunikwe, mboga zioshwe vizuri, na wewe mwenyewe usile kabla hujaosha mikono na kuvua nguo za kazi.

Mambo haya matano hayahitaji feza wala masomo makubwa. Na muuzaji mwema hatakasirika ukimkagua. Ukiona mama anayefunika chakula chake na kuosha mikono yake, mwambie wenzako kazini. Hilo nalo ni tangazo, tena bora kuliko yote, kwa sababu anayelitoa amekula na hakulipwa.

TUMBO NA AJALI

Wengine watasema: «Kuhara ni jambo dogo, kunapita.» Nyumbani labda. Lakini mtu anayehara anapoteza maji na chumvi. Kichwa kinamzunguka, nguvu zinapungua, mikono inatetemeka. Sasa mweke mtu huyo kwenye usukani wa lori kubwa la mgodi, au juu ya ngazi, au karibu na tanuru. Hasara ya kuku mmoja inaweza kuwa mguu wa mwenzako.

Ukiugua tumbo, usifiche. Mwambie mkubwa wako, nenda kwa munganga. Ukiwa njiani kwenda hospitali, anza kunywa maji haya: litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, mara nyingi, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kuhara maji matupu bila kukoma ni hatari ya saa chache: kimbia hospitali.

JARIBIO LA NYUMBANI

Jumapili hii fanya kama wale watafiti. Bibi akaange viazi vya chungu kimoja. Weka nusu ndani ya sahani ya kila siku, na nusu ndani ya mfuko wenye picha nzuri ulioletwa kutoka dukani. Waulize watoto ni vipi vitamu zaidi, halafu waonyeshe chungu. Watacheka, lakini siku nyingine wakiona picha watakumbuka.

Kisha muulizane mbele ya meza:

– Ni chakula gani tunachokinunua kwa sababu ya picha, na ni kipi kwa sababu tumelijua jiko lake?
– Tangazo la mwisho tulilosikia lilituambia nini juu ya maji, moto na usafi?
– Kwa feza ya kuku mmoja wa dukani, familia yetu ingepika nini nyumbani?

Hatusemi usile kuku wa dukani. Mtu aliyefanya kazi ngumu mwezi mzima ana haki ya kufurahi na watoto wake. Tunasema tu: kula ulichokikagua. Tangazo lina haki ya kukuita. Kuingia au kutoingia, uamuzi ni wako, na tumbo litakaloumia si la yule aliyepaka picha.

Macho kwanza, mdomo baadaye!